Bado Kaya Tatu

Jumatatu, 3 Juni

Barua imefika. Bahasha ya kaki, muhuri wa parokia, saini ya Katekista Robert. Nimeisoma mara tatu nyuma ya kaunta huku mteja akisubiri zipu za inchi nane. Mteja kaondoka. Aende tu.

Barua inasema hivi: jumuiya yenye kaya pungufu ya kumi na mbili itaunganishwa na jumuiya jirani. Yenye zaidi ya arobaini itagawanywa. Hesabu itafungwa Jumapili ya tarehe 16, Siku ya Ukaribisho, ambapo kila jumuiya itasimama kanisani na kuleta wageni wake mbele. Kichwa cha barua: YAH: UMOJA NA UKARIBISHO.

Jumuiya yetu ya Mtakatifu Anthoni ina kaya tisa. Nilipochaguliwa mwenyekiti, miaka kumi na nne iliyopita, zilikuwa thelathini na sita. Si kosa langu! Nyumba za zamani za Kariakoo zinavunjwa, yanapanda maghorofa ya fremu za maduka, na Wakristo wangu wamehamia Goba, Kimara na Mbagala. Ghorofa halisali.

Jumuiya jirani ni ya Mtakatifu Rita, ng'ambo ya barabara. Kaya thelathini na moja. Mwenyekiti wake ni Theopista, muuza vitenge vya jumla. Wakituunganisha, yeye ndiye atakayebaki na kiti.

Niandike wazi, maana shajara haihitaji unafiki. Mimi ndiye mwenyekiti wa Kamati ya Umoja na Ukaribisho ya parokia nzima. Umoja naupenda. Nimeuzungumzia kwenye semina mbili. Ila si na Theopista. Pasaka ya mwaka juzi aliazima sufuria kubwa ya jumuiya yetu, ile ya pilau la watu mia, akairudisha haina mfuniko. Nilipomuuliza akasema ilikuja hivyohivyo. Na kwake kuna mfuniko mkubwa usio na sufuria! Anadai ni wake, alinunua. Nani anakwenda dukani kununua mfuniko mtupu? Tangu siku hiyo pilau letu tunalifunika kwa sinia, na mvuke wote unapotelea pembeni.

Bado kaya tatu. Siku kumi na tatu.

Jumanne, 4 Juni

Mpango wa kwanza: waliohama warudi. Si miili yao. Majina tu.

Nimepiga simu asubuhi nzima. Mzee wa Goba akasema jumuiya inaanza saa kumi na mbili na nusu alfajiri ya Jumamosi, kwa hiyo itabidi yeye atoke nyumbani Ijumaa. Mama wa Mbagala akauliza anaongea na nani. Nikasema Mwenyekiti. Akauliza mwenyekiti wa nini. Yule wa Kimara siku hizi ni mwenyekiti huko huko, ana kaya ishirini na nane, na akaniuliza kwa sauti tamu kama tunahitaji msaada wowote. Nikakata simu. Akiuliza, mtandao ulikuwa mbaya.

Severa, mke wangu, alikuwa anapanga vifungo kwa rangi. Akauliza kwa nini nisitafute wageni wa kweli, maana barua yenyewe inasema wageni. Nikamjibu kwamba wazo hilo nilikuwa nalo tangu asubuhi.

Alhamisi, 6 Juni

Mgeni njoo, mwenyeji apone!

Vyumba vya uani vimepata mpangaji. Mwanamume wa miaka thelathini na kitu, mke, watoto wanne, magodoro, feni na jiko la gesi. Nimewasaidia kubeba feni, mimi na mgongo wangu huu. Kaniamkia shikamoo kabla sijakohoa. Ni karani wa mizigo bandarini, ametokea Ujiji. Jina lake Haruna.

Haruna! Kaka yake Musa! Kuhani mkuu wa kwanza kabisa! Kwenye Biblia yetu ameandikwa Haruni, lakini watu wa Kigoma wana lafudhi yao.

Nikamuuliza kama anasali. Akasema anasali, mzee, hakosi. Hapo ndipo nikatumia akili. Mtu wa kawaida angeuliza anasali wapi. Mimi sikuuliza. Ukimuuliza mtu anasali wapi atakutajia mahali, na mahali penyewe panaweza kuwa kwa Theopista. Nikamwambia tu kwamba sisi majirani tuna jumuiya yetu, tunakutana kila Jumamosi asubuhi, tunasali kidogo, tunaelezana shida zetu, tunakunywa chai. Akafurahi mno. Akasema jumuiya ya namna hiyo ndiyo aliyokuwa anaitafuta, kwa sababu ana jambo la kuleta.

Ana jambo la kuleta! Ninao wanajumuiya wa miaka kumi ambao hawajawahi kuleta hata kiberiti.

Bado kaya mbili.

Jumamosi, 8 Juni

Leo jumuiya ilikuwa zamu ya kwangu. Watu wakakaa kwenye mkeka na viti vya plastiki. Mimi nikakaa kwenye kiti changu cha mninga, chenye mikono miwili na mto. Zamu ikiwa ya nyumba nyingine nakibeba kichwani hadi huko, maana mwenyekiti bila kiti ni nini? Theopista huwa anasema ile si jumuiya, ni msafara wa kiti. Wivu.

Haruna alifika kwa wakati pamoja na mkewe Tatu. Mama wa heshima, kajitanda mtandio vizuri kama mtawa. Tulipofanya ishara ya msalaba walitulia tu. Aibu za siku ya kwanza. Kwenye sala Haruna akainua viganja vyote viwili mbele ya uso, macho chini, na mwisho akavipitisha usoni taratibu. Nikamnong'oneza Severa kwamba huyu ni Karismatiki, itabidi tumzoee. Severa akanitazama muda mrefu. Sijui kwa nini.

Baada ya somo tukafika kwenye kushirikishana. Hapo kawaida ni dakika tano za kimya na mtu mmoja kukohoa. Haruna akanyoosha mkono. Akashukuru kwa maneno mazuri kuhusu mgeni na mwenye kiu. Kisha akasema mtaro wa nyuma ya nyumba umeziba, maji machafu yanaingia hadi mlangoni kwa bi mkubwa mmoja mgonjwa wa miguu, na wanajumuiya wanaonaje wakiuzibua. Halafu watu wote wakaanza kuongea kwa pamoja! Tukakubaliana Alhamisi, sikukuu ya somo wetu Mtakatifu Anthoni, kila mtu aje na koleo. Miaka kumi na nne nafafanua Injili na hakuna aliyewahi kuomba koleo.

Wakati wa chai Haruna akaniuliza kama milango iko wazi, kwani kuna kaya nyingine tatu zenye shida hiyohiyo ya mtaro. Nikamwambia milango haina hata komeo. Hesabu: tisa, na moja, na tatu. Kumi na tatu! Majina nitajaza baadaye.

Wageni walipoondoka Severa akaniuliza, Baba Caroline, huyo kijana umemuuliza anasali wapi? Nikamweleza kwamba uongozi una siri zake.

Jumapili, 9 Juni

Ningeweza kupumzika, lakini akiba haiozi. Nimekwenda kanisani mapema kuvizia wageni mlangoni.

Theopista alikuwa amekwishafika! Yeye na akina mama wawili, sare za kitenge, wanagawa peremende. Peremende, kwenye nyumba ya Bwana! Nikahamia mlango wa pembeni, nikamwona mama mmoja wa gauni la kahawia amekaa peke yake benchi la mwisho. Mgeni kabisa. Nikamshika mkono kwa mikono yangu miwili. Nikamkaribisha parokiani. Nikamwambia mimi ni mwenyekiti wa Mtakatifu Anthoni, jumuiya ndogo yenye upendo mkubwa, ambapo kila mtu anamjua mwenzake.

Akaniangalia. Halafu akasema taratibu, "Mimi ni Candida, mwenyekiti. Nipo Mtakatifu Anthoni mwaka wa pili huu. Jana nilikaa mbele yako."

Nikasema naona amenenepa.

Candida ni fundi cherehani. Severa amenikumbusha kwamba huja dukani kwetu kila Jumatano. Zipu nyeusi, inchi saba, dazeni mbili. Zipu nazikumbuka.

Misa ilipokwisha Theopista alikuwa ameshampa peremende. Na fomu ya kuhama. Kwa hiyo kwake sasa ni thelathini na mbili, kwetu nane. Niliona aibu, siandiki uongo, nikashindwa hata kumaliza ndizi zangu za mchana. Lakini nane na nne za Haruna ni kumi na mbili. Kumi na mbili kamili, kama mitume. Bado nimo!

Jumanne, 11 Juni

Katekista Robert kapita dukani. Anataka barua za utambulisho za wageni wapya kutoka walikotoka. Nikakimbia uani kwa Haruna, nikamwuliza kama ana barua ya utambulisho. Anayo! Kaitoa kwenye mfuko wa plastiki, imekunjwa vizuri. Ina neno Mwenyekiti, ina neno utambulisho, ina muhuri wa zambarau. Nikampelekea Katekista bila kupoteza muda wa kuisoma.

Katekista akaisoma. Akauliza mbona ni ya mwenyekiti wa serikali ya mtaa. Nikamjibu kwamba Ujiji mambo hayo wameshayaunganisha, ndiyo umoja wenyewe tunaouhubiri. Akaandika kitu kwenye daftari lake. Akaomba majina ya hizo kaya nyingine tatu. Nikamwambia asubiri Jumapili, nataka Baba Paroko ashtuke kwa furaha.

Alhamisi, 13 Juni

Sikukuu ya Mtakatifu Anthoni, msaidizi wa waliopoteza vitu. Nimemkumbusha habari ya mfuniko.

Saa moja asubuhi watu walikuwa mtaroni. Haruna kaleta zile kaya tatu: kijana mmoja muuza viatu vya mitumba Mchikichini, mzee mrefu mwenye kofia, na binti wa yule bi mkubwa mgonjwa wa miguu. Majina sikuuliza. Nilikuwa nasimamia. Mtaro ulikuwa na kila kitu, mifuko, mabaki ya vitambaa, kandambili, hata mdoli wa dukani asiye na kichwa. Kufika saa tatu upande wetu ulikuwa unapitisha maji kama bonde la Jangwani wakati wa masika.

Nikaelekeza tope lote lisukumwe ng'ambo ya barabara. Ni mteremko, kanuni ya maji. Dakika kumi baadaye Theopista katoka dukani na fagio. Akasema kwamba tope la Anthoni limeziba mdomo wa mtaro wa Rita. Nikasema tope halina jumuiya. Akasema mwenye tope anajulikana. Nikataja mfuniko. Akataja peremende, kwamba kuna mtu mzima alichukua sita. Watu wakaweka makoleo chini ili wasikie vizuri.

Haruna hakubishana na mtu. Kavuka barabara na koleo lake, kaanza kuchimba upande wa Theopista. Akasema tu kwamba mtaro ni mmoja, ukizibuliwa nusu haujazibuliwa. Yule mzee wa kofia akamfuata. Halafu Candida, gauni kalikunja kiunoni. Halafu Severa! Mke wangu! Nikabaki mimi na Theopista tumesimama, yeye na fagio, mimi na kidole changu cha kuelekezea.

Saa nne Theopista akaleta chai na maandazi kwa wote. Maandazi yalikuwa juu ya mfuniko mkubwa wa sufuria, kaugeuza kuwa sinia. Nikausogelea. Una kabonde kadogo pembeni ya kishikio. Wetu ulikuwa na kabonde kadogo pembeni ya kishikio! Nimekula maandazi manne ili niuone vizuri.

Jumamosi, 15 Juni

Kesho ndiyo kesho.

Jumuiya ya leo ilijaa. Chai haikutosha. Nimemwambia Haruna kwamba kesho saa tatu jumuiya zote zinakutana kanisani, atatambulishwa mbele ya Baba, na akipewa nafasi aseme na hilo la taka, maana mtaro tumeuzibua lakini gari la taka halipiti. Akauliza kama aje na wale wengine. Nikamwambia wasipokuja nimekwisha.

Jioni Severa kanikuta nasugua kiti kwa mafuta ya nazi. Hakunicheka. Kaniuliza kwa nini kiti hiki kinaninyima usingizi hivi, kwani Theopista akiwa mwenyekiti mbingu itaanguka?

Nikamwambia, na hapa naandika kama nilivyosema. Nilishuka Dar mwaka 1989 kutoka Rombo, na begi moja. Nilisali parokia hii miezi minne bila mtu kuniuliza jina. Niliingia, nilipiga magoti, nilitoka. Siku moja mwenyekiti wa wakati ule, Mungu amrehemu, aliniona nimesimama mlangoni kwenye jumuiya, kila mahali pamejaa. Akainuka kwenye kiti chake akaniambia, "Kaa hapa, mgeni." Yeye akakaa chini, kwenye mkeka. Ndicho hiki. Alipofariki watoto wake walinipa. Bila kiti hiki mimi ni muuza zipu. Watu watapita kama walivyopita mwaka 1989.

Severa akasema, "Basi Candida alisimama mlangoni miaka miwili, Baba Caroline, na kiti ulikuwa umekikalia wewe."

Sikupenda maneno hayo. Nimeendelea kusugua mguu wa nyuma.

Jumapili, 16 Juni

Naandika kwa utulivu. Najitahidi.

Kanisa lilijaa hadi nje, chini ya turubai. Baada ya komunyo Katekista akaanza kuita jumuiya. Mtakatifu Rita wakasimama kama jeshi. Theopista akaleta mbele mgeni mmoja, Candida, ambaye si mgeni. Nikacheka kwa ndani.

Kisha, Mtakatifu Anthoni! Nikasimama, koti la suti limebana. Nikaashiria mlangoni. Haruna na watu wake walikuwa wamesubiri nje kwa adabu. Wakaingia. Haruna na Tatu na watoto wanne mbele. Muuza viatu. Binti, akimshika mkono mama yake wa miguu mibovu. Na nyuma kabisa yule mzee mrefu, kofia ya kufumwa, kanzu nyeupe hadi kwenye vifundo.

Kanisa zima likageuza shingo. Mimi bado sikuona shida. Kanzu! Hata Baba Paroko alikuwa amevaa kanzu.

Katekista akamwomba Haruna ajitambulishe na ataje parokia aliyotoka. Haruna akashika maikrofoni. Akasema, "Assalamu aleikum ndugu zetu, na Bwana asifiwe. Mimi ni Haruna Shomari. Nasali msikiti wa pale kona. Huyu ni mzee Ramadhan, tunasali naye, huyu ni Abdulkadiri, huyu Sitara na mama yake Bi Swaumu. Tumekuja kwa mwaliko wa mzee Wilbert, mwenyekiti wa jumuiya ya majirani."

Sijui nilikaa saa ngapi. Najua nililikosa benchi kidogo.

Kwanza kikatoka kicheko kimoja, nadhani cha Theopista. Halafu kanisa zima. Halafu makofi, makubwa, hadi turubai la nje likatikisika. Haruna akasubiri yaishe, akasema lile la gari la taka, waziwazi, siku na saa. Bi Swaumu akaomba maikrofoni naye, akasema ana mwezi mzima hajalala pakavu, na juzi kalala pakavu, Mungu awalipe waliochimba. Mama mmoja karibu yangu akafuta macho. Mimi pia kuna kitu kiliniingia machoni, vumbi la turubai.

Baba Paroko akasimama. Akasema kila mwaka kwenye Siku ya Ukaribisho anaona jumuiya zikinyang'anyana Wakristo walewale. Leo ndiyo mara ya kwanza kuona jumuiya imetoka nje kukaribisha mtu. Akanitaja kwa jina. Jina langu, mimbarini! Kisha akasema, hata hivyo, hesabu ni hesabu, na kaya nane ni kaya nane.

Tumeunganishwa.

Uchaguzi ukafanyika papo hapo chini ya turubai, kwa kunyoosha mikono. Mimi nilipata kura mbili. Moja yangu, ya pili sijajua ya nani. Si ya Severa, nimemuuliza. Theopista akapata kumi na nne, akaanza kutengeneza kilemba. Halafu mtu kwenye kundi akasema, je, Candida? Mikono ikapanda, ya Anthoni na ya Rita, siwezi hata kuhesabu. Kumbe yule mama anashona sare za parokia nzima. Anajua jina la kila mtu, na kiuno chake. Watu wanasema yeye ndiye pekee aliyekaa pande zote mbili za barabara bila kugombana na mtu.

Theopista kakosa! Theopista naye kakosa! Kwa dakika nzima nilikuwa na furaha kamili.

Kiti nilikuja nacho, kilikuwa chini ya turubai; nikaenda kukikabidhi. Candida akakitazama, akasema yeye amezoea mkeka. Akaomba kiti kiendelee kuja kila Jumamosi, kiwe cha mgeni, na mimi niwe mkaribishaji, kazi yangu iwe kuhakikisha hakikai kitupu. Nikaupangusa mto wake kwa leso.

Njiani nikamfikia Haruna. Nikamwomba radhi kwa kumdanganya bila kujua. Akacheka, akasema, "Mzee Wilbert, tangu ile Jumamosi ya kwanza nilijua ni jumuiya ya kanisa. Mlifanya ishara ya msalaba mbele yangu. Ila tangu nimefika mji huu, wewe ndiye mtu wa kwanza kuniambia karibu. Ningeachaje kuja?"

Nilimshika bega tu, tukatembea hivyo hadi kona ya msikiti wake. Ni mtu mwema sana yule.

Nikamuuliza kama hana ndugu Mkristo.

Jumatatu, 17 Juni

Idi. Maduka mengi yamefungwa, Kariakoo imetulia, unasikia hata kunguru.

Asubuhi baada ya swala Haruna kaja na watoto wake wamevaa nguo mpya. Wanapika pilau uani kwa majirani wote, je, ninaweza kumwazima sufuria kubwa? Nikamwazima. Nikamtahadharisha kwamba haina mfuniko, na kisa chake ni kirefu. Akasema nisijali, mzee, mfuniko ameshaazima kwa mama Theopista.

Nikatoka uani mbio.

Theopista alikuwepo, kauleta mwenyewe. Tukasimama kila mmoja upande wake wa moto. Tatu akatia mchele, akakoroga, akamwomba Theopista afunike. Akafunika. Ulikaa. Ulikaa kimya, pande zote, hata uzi wa mvuke haukutoka. Severa akanitazama. Candida akanitazama. Theopista akatazama juu, kwenye nyaya za umeme, akasema kwa sauti ya chini kwamba huenda, huenda, vitu vilichanganyika ile Pasaka.

Ilikuwa nafasi yangu. Najua. Kila mtu alijua. Lakini nimeuangalia mfuniko ule kwa makini na lazima niandike ukweli: umekaa vizuri kupita kiasi. Mfuniko wetu ulikuwa unacheza kidogo. Nikamwambia hivyo. Amechukua fagio la Tatu, lakini hakupiga mtu.

Pilau lilikuwa tamu. Niseme nini zaidi. Wa Anthoni, wa Rita na wa msikiti wa kona wote sahani moja moja, watoto wakikimbizana, na Bi Swaumu kwenye kiti changu cha mninga, miguu juu ya kigoda, akitoa amri. Katekista Robert naye alikuja. Nilimpongeza kwa kazi nzuri ya kuunganisha, halafu nikamuuliza, kwa kupita tu, jumuiya yetu mpya ina kaya ngapi. Akasema nane na thelathini na mbili, arobaini kamili.

Arobaini!

Nikamkumbusha barua yake mwenyewe. Zaidi ya arobaini, inagawanywa. Na ikigawanywa, upande wetu utahitaji mwenyekiti. Akaacha kutafuna.

Bado kaya moja!

Na Mungu hamtupi mja wake. Bi Swaumu alipoinuka kwenda kupumzika, kaingia kijana mpya aliyehamia ghorofa ya tatu, jengo la jirani. Hajui mtu, kasimama mlangoni na sahani mkononi, hana pa kukaa. Mtaratibu, ndevu amezichonga vizuri, kofia ya kufumwa kichwani. Nikamkalisha kwenye kiti mimi mwenyewe. Nikamwongezea nyama. Nikamuuliza jina, akasema Adamu.

Adamu! Yumo kwenye kurasa za mwanzo kabisa!

Nikamuuliza kama anasali. Akasema hakosi. Anakuja Jumamosi. Anasali wapi sikumuuliza.